Uhaba wa Nyumba: Tatizo Linaloanza Kabla ya Msingi Kuchimbwa

Uhaba wa nyumba hupimwa kwa mambo mawili: idadi ya nyumba zinazofaa kuishi, na uwezo wa watu kuzilipia. Kipimo cha pili ndicho husahaulika mara nyingi. Dar es Salaam zipo fleti zinazokaa miezi bila mpangaji kwa kuwa kodi yake haishikiki, na mtaa wa pili ipo nyumba ya vyumba sita ambamo kila chumba kina familia yake na choo ni kimoja. Nyumba zipo, na uhaba nao upo palepale.

Kwa miaka mingi serikali ya Tanzania imetaja upungufu wa nyumba zipatazo milioni 3, huku mahitaji mapya yakikadiriwa kuwa nyumba 200,000 kila mwaka. Kenya hutaja upungufu wa milioni 2 na mahitaji ya nyumba 250,000 kwa mwaka, ilhali zinazojengwa rasmi ni kama 50,000. Hayo ni makadirio, na hupanda au kushuka kulingana na kinachohesabiwa kuwa nyumba bora. Nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti ikitolewa kwenye hesabu, pengo huwa kubwa, ikiingizwa, hupungua. Hata hivyo, kwa namna yoyote ya kuhesabu, kasi ya watu imeizidi kasi ya ujenzi.

Watu wengi, mji usiojiandaa

Sensa ya 2022 iliwakuta Watanzania 61,741,120, kutoka milioni 44.9 mwaka 2012. Mkoa wa Dar es Salaam peke yake ulitoka watu milioni 4.36 hadi milioni 5.38, yaani ongezeko la watu milioni moja ndani ya miaka kumi. Tukichukua wastani wa watu wanne kwa kaya, hizo ni kaya robo milioni, sawa na kaya 70 mpya zinazotafuta pa kulala kila siku ya Mungu. Mji wowote ungehema.

Lakini idadi ya watu haielezi kila kitu. Miji ya Afrika Mashariki ilianza karne iliyopita ikiwa haikukusudiwa kuwa makao ya wengi. Chini ya Wajerumani na baadaye Waingereza, Dar es Salaam iligawanywa kwa kanda: Uzunguni kwenye bustani na upepo wa bahari, Uhindini kwenye maduka, na Kariakoo kwa Waafrika. Nairobi, wafanyakazi wa reli waliwekwa kwenye landhi za Muthurwa, safu za chumba kimoja kimoja. Mfanyakazi Mwafrika alihesabiwa kuwa mpita njia ambaye mkataba ukiisha angerudi kwao, hivyo hakujengewa nyumba ya kulea watoto. Uhuru ulipofika na watu wakaruhusiwa kuhamia watakako, mitaa iliyokuwepo ilikuwa imeshajaa.

Tanzania ilianzisha Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) mwaka 1962. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kubomoa vibanda vya Magomeni, Ilala na Temeke na kujenga nyumba bora mahali pake. Ilionekana mapema kwamba njia hiyo ni ghali, tena kila nyumba mpya ilitanguliwa na nyumba iliyobomolewa, kwa hiyo hesabu haikusogea sana. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000 yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Wapangaji wengi walipata nafuu ya kodi, ila mwenye fedha binafsi alipoteza hamu ya kujenga nyumba za kupangisha.

Kuanzia 1972 sera ikageuka: serikali iache kubomoa, ipime viwanja, ichonge barabara, ivute maji, na mwananchi ajijengee. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Sinza na Kijitonyama zilipimwa kwa utaratibu huo, na Manzese ikaboreshwa bila kuhamishwa. Benki ya Nyumba Tanzania ilikuwepo kukopesha wajenzi. Fedha za nje zilipokauka, mpango ukafifia. Na benki yenyewe, ikiwa imeelemewa na madeni yasiyolipika, ikafungwa mwaka 1995. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliuza maelfu ya nyumba zake kwa watumishi waliokuwa wakiishi humo. Tangu hapo mzigo mkubwa wa kujenga umebaki mabegani mwa mtu mmoja mmoja.

Kiwanja

Mwananchi anayetaka kujenga hukutana na kikwazo cha kwanza kabla hajanunua hata mfuko mmoja wa saruji. Kupima ardhi kunahitaji mchoro wa mipango miji, mpima, fidia kwa wenye mashamba, barabara na mabomba, na halmashauri nyingi hazina fungu la kutosha kwa yote hayo. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002 ulikuwa mkubwa kwa wakati wake. Kwa jiji linaloongezeka watu laki moja kwa mwaka, ulikuwa tone.

Pengo hilo limezaa soko lake. Pembezoni mwa jiji, kuanzia Goba hadi Chanika, shamba la mikorosho hukatwa vipande na kuuzwa kwa miguu: ishirini kwa ishirini, dalali akihesabu hatua, muuzaji na mnunuzi wakifuata nyuma. Mkataba huandikwa mbele ya mashahidi na kugongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Mnunuzi anapata ardhi kwa bei anayoiweza na kwa siku moja. Asichopata ni barabara, mtaro, maji na hati. Miaka kumi baadaye gari la zimamoto halipiti, mabomba yanapitishwa kwa kupindapinda kati ya nyumba, na serikali inaanza zoezi la urasimishaji, ambalo ni gumu na la gharama kuliko kupima shamba lilipokuwa tupu. Wengi wa wakazi wa Dar es Salaam wanaishi katika mitaa iliyoanza hivyo, na si maskini peke yao: humo mna walimu, wauguzi, wafanyabiashara na maofisa.

Kwa anayejenga kwa mkupuo, tatizo la ardhi huonekana kwenye bei. Kampuni inayotaka kujenga nyumba 200 mahali pasipo na huduma hulazimika kuvuta yenyewe umeme na maji, kuchonga barabara na kuchimba mfumo wa majitaka. Gharama hiyo huingizwa kwenye bei ya kila nyumba, na juu yake hukaa Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo Tanzania Bara ni asilimia 18. Ndiyo maana mradi unaotangazwa kuwa wa gharama nafuu huweza kuishia mikononi mwa watu wa kipato cha kati na cha juu.

Fedha

Nyumba ni kitu ambacho karibu hakuna mshahara unaoweza kukinunua kwa taslimu. Duniani kote ununuzi wake hutegemea mkopo wa muda mrefu, na hapo Afrika Mashariki ina ufa mkubwa. Kenya, nchi ya watu zaidi ya milioni 47 kwa sensa ya 2019, ina mikopo ya nyumba ipatayo 30,000 tu katika benki zake zote. Tanzania ina michache zaidi ya hapo.

Hesabu ndogo inaonyesha sababu. Mkopo wa shilingi milioni 50 kwa riba ya asilimia 15 na muda wa miaka 15 hudai marejesho ya karibu shilingi 700,000 kila mwezi. Mpaka mwisho mkopaji atakuwa amelipa kama milioni 126. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma Tanzania kilipandishwa kuwa shilingi 500,000 kuanzia Julai 2025. Marejesho peke yake yanauzidi mshahara huo mzima. Riba ingekuwa asilimia 5, marejesho yangeshuka hadi kama shilingi 395,000, na watu wengi zaidi wangeingia.

Riba iko juu kwa sababu kadhaa zinazoshikana. Benki hupokea amana za muda mfupi, kwa hiyo huogopa kuzifunga kwenye mikopo ya miaka 15 au 20. Hatifungani za serikali huzipa faida nzuri bila kumfukuza mdaiwa. Mkopaji asiye na hati hana cha kuweka rehani, na mama lishe au dereva wa bodaboda, hata awe na kipato kizuri, hana hati ya mshahara ya kuonyesha. Ili kuziba pengo la muda, Tanzania ilianzisha mwaka 2010 kampuni ya TMRC, inayozipa benki fedha za muda mrefu za kukopesha nyumba, na Kenya ikafuata na KMRC mwaka 2018. Kampuni hizo zimesaidia walio na mshahara na hati. Wasio navyo bado wanategemea vikoba, saccos, mchezo wa kila mwezi na ndugu walioko nje.

Nyumba inayojengwa kwa miaka kumi

Kwa kuwa mkopo haupo, nyumba nyingi hujengwa kidogo kidogo. Mwaka huu kiwanja, mwakani tripu mbili za mchanga na moja ya kokoto, mwaka unaofuata msingi. Kuta hupanda hadi lenta, kisha kazi inasimama kwa sababu ada ya shule imefika au mzee kijijini ameugua. Ndani ya boma hilo lisilo na paa huota majani, nondo zinazochungulia juu ya nguzo zinaota kutu, na mvua inaosha udongo kwenye viungo vya matofali. Mwenye nyumba akipata fedha hupaua, huingiza milango miwili na dirisha moja, na kuhamia kabla ya lipu ili aache kulipa kodi.

Njia hii ina busara yake. Haina riba, inafuata mdundo wa kipato kisicho na uhakika, na shilingi iliyogeuka tofali haitumiki kirahisi. Nyumba nyingi zilizopo zimepatikana kwa njia hiyo. Hasara yake ni kwamba fedha nyingi za taifa zimelala kwenye mapagala yasiyomhifadhi mtu, na kwamba nyumba hujengwa na mafundi tofauti, bila mchoro mmoja, kwa vifaa vilivyonunuliwa kwa bei za miaka tofauti. Bei ya saruji ilipopanda ghafla mwishoni mwa 2020 nchini Tanzania, ujenzi mwingi wa namna hiyo ulisimama kwa wakati mmoja.

Ubora nao hutegemea nani yuko kwenye kazi. Tofali la kawaida la mjini hufyatuliwa kando ya barabara kwa mashine ya mkono. Mchanga na saruji vinageuzwa kwa koleo, mchanganyiko unajazwa kwenye kasha, unagongwa, tofali linatolewa juu ya kibao na kuanikwa. Mfuko wa kilo 50 ukitoa matofali thelathini hivi ya inchi sita, yanakuwa imara. Mfyatuaji anayebanwa na bei huyafikisha hamsini au zaidi. Tofali linatakiwa limwagiliwe maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima au zaidi ili saruji ishike. Lakini mteja anasubiri na nafasi ya kuanikia ni ndogo, kwa hiyo mengine hupakiwa kwenye kirikuu siku ya tatu. Kwa macho, tofali zuri na bovu hufanana.

Makosa ya namna hiyo kwenye nyumba ya chini huleta nyufa. Kwenye ghorofa huleta misiba. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Aprili 2016 jengo la ghorofa sita liliua zaidi ya watu 50 Huruma, Nairobi. Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Sheria za usajili wa makandarasi na wahandisi zipo na vibali vya ujenzi vinahitajika. Wakaguzi wa halmashauri ni wachache kuliko majengo.

Ujenzi wa kisasa na vikwazo vyake

Ujenzi wa kisasa, kwa maana inayotumika hapa, ni kuhamisha sehemu ya kazi kutoka kiwanjani kwenda kiwandani. Kuta, sakafu au chumba kizima hutengenezwa chini ya paa, kwa vipimo vilivyo sawa, kisha husafirishwa na kuunganishwa. Faida yake ni muda mfupi, upotevu mdogo wa vifaa na ubora unaokaguliwa kwa urahisi. Wazo la kipimo kimoja lenyewe si geni pwani: upana wa vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na kila fundi aliujua.

Teknolojia hizo zimeshafika. Shirika la Nyumba la Kenya lilijenga kiwanda huko Mavoko, karibu na Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 2010, kinachotoa paneli za povu gumu lililozungushiwa wavu wa chuma na kupigwa zege pande zote mbili. Fumba, Unguja, zimejengwa nyumba za kuta za mbao zilizoandaliwa kiwandani. Tanzania, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeeneza matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa udongo na saruji kidogo. Hayachomwi, kwa hiyo hayali kuni, na kwa kuwa hushikana kwa meno yake, udongo wa saruji kati ya tofali na tofali hupungua sana au hauhitajiki kabisa.

Pamoja na hayo, nyumba za namna hiyo bado ni chache. Sababu ya kwanza ni soko. Kiwanda kina mishahara, mashine na mkopo wa kulipa kila mwezi, kiwe kinazalisha au hakizalishi. Kinahitaji oda zinazofuatana, ilhali ujenzi hupanda na kushuka: mradi mmoja mkubwa unaanza, fedha zinakwama, kiwanda kinalala. Marekani kampuni ya Katerra, iliyoanzishwa mwaka 2015 na kupewa karibu dola bilioni 2 na wawekezaji ili kujenga nyumba kiwandani, ilifilisika mwaka 2021. Afrika Mashariki ugumu ni mkubwa zaidi, kwa kuwa mteja mkuu ni yule anayejenga kidogo kidogo. Anaweza kununua matofali mia mbili mwezi huu. Hawezi kununua robo ya nyumba ya paneli.

Sababu ya pili ni nguvu kazi. Katika nchi ambako kibarua ni rahisi na winchi ni ghali, mashine inayookoa siku kumi za saidia fundi haiokoi fedha nyingi. Vifaa vingi vya mifumo mipya, pamoja na vipuri vya mitambo, huagizwa nje na bei zake hufuata dola. Mafundi wengi wamejifunza kazini kwa kumfuata fundi mkubwa. Wanajua tofali na zege vizuri, na mfumo mpya unawataka waanze upya kusoma mchoro na kuheshimu vipimo vya milimita.

Sababu ya tatu ni imani, nayo haikosi msingi. Mjenzi anataka ukuta wa kugongea msumari, wa kuongeza chumba mtoto akioa, na wa kuuzika. Tofali la udongo humkumbusha nyumba ya kijijini aliyoikimbia. Benki na bima huuliza nyumba ya paneli itadumu miaka mingapi. Historia inaonyesha kwamba tahadhari hiyo ina sababu. Mei 1968, mlipuko wa gesi katika fleti ya ghorofa ya 18 ya jengo la Ronan Point, London, uliangusha pembe nzima ya jengo hilo lililounganishwa kwa paneli za zege, na watu wanne wakafa. Viungo vilikuwa dhaifu na ukaguzi haukutosha. Uingereza ilibadili kanuni zake za ujenzi baada ya hapo. Kubadili kanuni, kupima mifumo mipya na kufundisha wakaguzi ni kazi ambayo lazima itangulie kiwanda.

Mpangilio wa hatua

Nchi zilizopunguza uhaba kwa kiasi kikubwa zina jambo moja linalofanana: ardhi na fedha vilitangulia mashine. Singapore iliunda Bodi ya Nyumba mwaka 1960. Mwaka 1966 ilipitisha sheria ya kutwaa ardhi kwa matumizi ya umma, na kuanzia 1968 wafanyakazi waliruhusiwa kutumia akiba yao ya uzeeni kununua fleti za serikali. Utengenezaji wa sehemu za majengo kiwandani ulikuja kwa wingi miaka ya 1980, oda zikiwa tayari zinatiririka. Leo takriban wakazi wanane kati ya kila kumi wanaishi katika fleti hizo. Sweden, yenye watu milioni 8 hivi wakati huo, ilijenga nyumba milioni moja kati ya 1965 na 1974, ikitumia mikopo ya serikali iliyovihakikishia viwanda kazi ya muongo mzima.

Afrika Mashariki imeanza kujaribu baadhi ya hatua hizo. Kenya, kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, hukata asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho, ili fedha za ujenzi zisikatike. Mjadala mkali unaendelea kuhusu nani hatimaye atakayepata nyumba hizo. Tanzania ilikamilisha fleti za Magomeni Kota kwa kaya 644 zilizokuwa zimebomolewa nyumba zao, na NHC imeanza mpango wa nyumba 5,000 ambao awamu yake ya kwanza ni nyumba 560 za Kawe. Zikilinganishwa na mahitaji ya nyumba 200,000 kwa mwaka, hatua hizi zinaonyesha kwamba mashirika ya umma hayataziba pengo peke yake.

Sehemu kubwa ya nyumba itaendelea kujengwa na wananchi wenyewe, na hapo ndipo faida ya haraka ilipo. Shamba likipimwa kabla halijauzwa, hata kwa njia na mitaro pekee, gharama ya urasimishaji wa baadaye huondoka. Mikopo midogo ya miaka miwili au mitatu, ya kupaua au kumalizia, inaweza kugeuza pagala kuwa nyumba kwa fedha kidogo kuliko kujenga mpya. Wafyatuaji wa matofali wakikaguliwa na kupewa alama ya ubora, usalama hupanda bila kiwanda kipya. Teknolojia itakayoenea haraka ni ile inayoweza kununuliwa kwa mafungu, kama tofali la kufungamana, lenta na ngazi zilizomwagwa tayari, au kenchi zilizokatwa kiwandani. Paneli na vyumba vizima vitapata nafasi kwenye miradi mikubwa ya umma, mradi serikali itoe oda za miaka mingi na kuzilipa kwa wakati. Oda hizo zisipokuwepo, kiwanda hukosa kazi, na gharama yake hurudi kwenye bei ya nyumba.